Karani Aliyetutungia Tanzia Tukiwa Hai

Sikumpenda, na sitajidai leo kwamba nilimpenda. Mtu anayekuja kukujulia hali ukiwa na homa, akavuta stuli, akakuuliza wimbo wako wa kwanza uliutungia wapi na nani alikuwepo, huku penseli iko tayari mkononi, huyo si mtu wa kupendwa. Sisi wapiga muziki wa Kaloleni tulimwita Karani. Kazi iliyomlisha ilikuwa kupima kahawa ya wakulima wa mlimani katika ghala moja la mjini, lakini hakujulikana kwa kahawa. Alijulikana kwa tanzia, yale mashairi ya msiba yanayotoka gazetini. Hakuwatungia machifu wala wenye maduka. Aliwatungia watunzi wa nyimbo, wapiga ngoma, wapiga gita na waimbaji wa harusini, na aliwatungia kabla hawajafa.

Siri hiyo ilifichuliwa na posta. Enzi zile za Mwingereza, barua ya kwenda Dar es Salaam ilipanda basi, ikapanda treni, ikazunguka weee, na gazeti likarudi kwa mwendo ule ule. Alipofariki kiongozi mmoja wa ngoma hapa Kaloleni, gazeti lenye tanzia yake lilitufikia upesi mno. Fundi baiskeli wa jirani yangu, mtu wa kupenda kuchunguza mambo ya watu, akahesabu kwa vidole mbele ya kinyozi: siku za barua kwenda, siku za kuchapa, siku za gazeti kuja. Akarudia kuhesabu.

"Jamani," akasema, "barua hii imetiwa posta marehemu akiwa bado anakunywa uji."

Tulimwendea Karani watu watano. Hakukana. Alisema shairi alilitanguliza, akawaandikia watu wa gazeti wangoje simu yake ya upepo, yaani telegramu, na siku ya msiba alipiga hiyo simu. Alisema hivyo bila haya, kama mtu anayeeleza jinsi ya kuanika maharage. Akaongeza kwamba anazo nyingine nyumbani, ndani ya sanduku la bati. Fundi baiskeli akamuuliza za nani. Karani akatutazama mmoja mmoja, akasema za watu wanaostahili.

Tangu siku ile kila mwenye kikohozi alimkwepa. Nilimwona mpiga tarumbeta mmoja, pande la mtu, akiruka mtaro ili wasikutane njia moja. Baadaye mtu huyo huyo alimfuata sokoni, akaapa mbele za watu kwamba ameacha muziki kabisa, sasa anauza mkaa, kwa hiyo jina lake litolewe sandukuni. Karani alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia asiwe na wasiwasi, ataongeza ubeti wa mkaa.

Sasa niseme na yangu, ili nisijifanye mtakatifu. Nilikuwa na sababu ya kumwogopa kuliko wote. Mimi ni mtu wa Korogwe, fundi cherehani, nilikuja Arusha na gita langu nikaanzisha bendi. Wimbo ulionipa jina, ule uliopigwa kwenye kila gramafoni kutoka Ngarenaro hadi juu huko kwa Wameru, haukuwa wangu. Aliutunga Lomayani, Mwarusha aliyefanya kazi katika banda la kukaushia ngozi. Katika bendi alitikisa njuga na kuitikia. Aliniimbia wimbo ule barazani kwangu, mchana, nikiwa namshonea kiraka cha suruali, na tulikuwa wawili tu. Aliuimba polepole. Kabla hajawafundisha wenzetu alishikwa na kichomi, akafa msimu wa baridi. Mimi nikawafundisha, nikauongeza mwendo ili uchezeke. Kisha wakaja watu wa santuri kutoka Nairobi na gari lao la mitambo. Tulipomaliza kuimba, Mzungu akauliza mtunzi ni nani, aandike kwenye karatasi. Nikasema mimi. Neno moja tu, na halikunikwama hata kidogo kooni.

Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba sandukuni kuna na karatasi yangu, sikuogopa kufa kama wenzangu. Niliogopa kilichoandikwa.

Nikaanza kumchunguza mtu yule kama askari kanzu. Ghalani nilikwenda nikijifanya natafuta magunia ya kukatia viraka. Nilimwona akipima. Wakulima wengine walikuwa na mtindo wa kuinyunyizia kahawa maji ili gunia lizidi uzito, naye hakutazama mzani kwanza. Alitumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa, akaunusa. "Hii imelowa, Mama, kaianike," alisema kwa upole, na mama wa watu alibeba gunia lake bila kubisha. Maneno nayo aliyafanyia vivyo hivyo. Nilimsikia akimwambia mwalimu mmoja aliyemwonyesha shairi lake kwamba "mcheshi" na "mkarimu" ni maneno yaliyolowa, kila maiti anapewa. Alimtaka aandike kitu ambacho marehemu alikifanya, na amtaje aliyekiona.

Tabia zake hazikupatana, na mtu ambaye tabia zake hazipatani mimi humtilia shaka. Alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, mwenye kitabu cha nyimbo kilichochakaa kwapani. Binti zake aliwakataza kupita hata mtaa wa ukumbi wa dansi. Lakini Jumapili alasiri, akitoka ibadani na tai yake shingoni, huyo alikuja dansini. Aliketi karibu na ngoma kubwa, chupa moja ya soda mbele yake, na hakutikisa hata kidole. Tulisema anatuvizia. Bendi nzima ilipoteza mapigo akikohoa tu. Nyumbani kwake, kwa mujibu wa majirani, chai ilinywewa bila sukari, lakini alinunua karatasi nzuri zenye mistari, zile za maofisa. Na aliyemtukana hadharani alimtungia vizuri zaidi. Yule kiongozi wa ngoma alikuwa amewahi kumwagia maji ya kuoshea vyombo, na tanzia yake ilitaja maji hayo, ikamsifu kwa kulenga shabaha.

Mtu mmoja tu hakumwogopa. Huyu alikuwa bibi mwimbaji wa harusini, mkongwe, sauti yake ilisikika ng'ambo ya mto. Alimwita Karani kwake mchana kweupe, akatuita na sisi tuje kushuhudia, akaketi kwenye mkeka, akaamuru: "Haya, nisomee msiba wangu."

Karani akatoa karatasi, akavaa miwani. Nakumbuka ubeti wa kwanza ulianza hivi:

Mama aliyeimbia, harusi za mji huu,
Mpole wa kutulia, mwenye sauti ya juu...

"Ngoja hapo hapo," bibi akamkata. "Mpole nani?"

"Wewe, Bibi."

"Mimi? Mimi nilimfukuza bwana harusi na mwiko kwa kuchelewa! Nani kakwambia mimi mpole?"

Kwa mara ya kwanza nilimwona Karani amefadhaika. Akakiri kwamba hakuambiwa na mtu, alilitia kwa ajili ya mizani. Bibi akamwambia atafute mizani nyingine. Karani akahesabu kwa vidole, midomo ikimcheza, kisha akasoma: "Mkali asiyelia."

"Eeeh," bibi akasema, "huyo sasa namjua." Akawaambia wajukuu wamletee Karani chai, yenye sukari.

Bibi yule aliishi miaka mingi baada ya hapo, akaimba, akafukuza na bwana harusi mwingine. Mngedhani shaka zetu zingekwisha. Wapi! Fundi baiskeli alieleza kwamba dawa ya kuulia iliyokuwa katika shairi imeharibika kwa kuwa bibi ameisahihisha. Tukamwamini. Ukishaamua kumshuku mtu, hakuna kinachokupinga, hata uzima wa bibi kizee ni ushahidi.

Zamu yangu ilikuja Jumapili moja. Karani alikuja barazani kwangu na koti linalotaka kushonwa mfuko. Nilijua ni kisingizio, mfuko wenyewe ulikuwa umekatwa kwa wembe. Nikashona. Yeye akaketi, akaanza kuufuatiza wimbo kwa mdomo, ule wimbo, kiitikio chake:

Njoo jeusi, wingu langu,
Njoo jeusi, unifunike.

"Fundi," akasema, "nina swali dogo. Mpenzi wako unamwita wingu jeusi. Kwa nini jeusi?"

Nilijibu haraka mno. "Kwa sababu msichana mwenyewe alikuwa mweusi, Mzee. Rangi ya ngozi."

"Kwenu Korogwe, wingu jeusi likija mnafanya nini?"

"Tunaanua mahindi."

"Mnafurahi?"

"Nani afurahi nguo zikilowa?"

Akatikisa kichwa taratibu. Penseli alikuwa nayo, daftari lilikuwa pajani, lakini hakuandika hata herufi moja. Alichukua koti lake akaenda. Mchana ule sikushona tena kitu kilichonyooka.

Jibu la swali lake nililipata kwa mtu ambaye sikutaka kabisa kuonana naye. Mama yake Lomayani alikaa upande wa Sombetini, wakati huo ni mashamba na boma za ng'ombe tu. Alikuja mjini kuuza maziwa, akausikia wimbo ule dukani kwenye gramafoni, akauliza ni wa nani, akaelekezwa kwangu. Nilimwamkia kama vijana wa huko walivyomwamkia, nikamwita Yeyo, yaani mama.

"Shikamoo, Yeyo."

"Marahaba. Wewe ndiyo unaimba ile jeusi?"

"Ni mimi."

"Hiyo neno ni ya kwetu," akasema. "Sisi tunaomba Mungu mweusi, Engai Narok. Huyo ndiyo mzuri, analeta mvua. Mwekundu ana hasira, anakausha majani. Mtu wa Kiswahili hawezi kusema njoo jeusi. Nani alikupa?"

Nikaelewa papo hapo. Lomayani alikuwa ameichukua sala ya kwao akaigeuza Kiswahili neno kwa neno, bila kujua kwamba Waswahili wengine watadhani anasema habari ya rangi. Lilikuwa kosa la Mwarusha, ambalo mimi nisingeweza kulifanya hata kwa bahati mbaya. Na Karani, Mmeru aliyepima mazao kando ya Waarusha maisha yake yote, alilijua tangu mara ya kwanza sindano ya gramafoni ilipogusa santuri.

"Nimelisikia tu mjini, Yeyo," nikamwambia.

Akajitwika kibuyu chake, akaondoka. Hakumsikia mwanawe akiuimba wimbo ule, kwa hiyo hakuwa na la kunishika nalo. Nami nikamwacha aende zake. Nimefanya mabaya mengine maishani, lakini hilo la kumwacha aende ndilo linaloniamsha mpaka leo.

Miaka ikapita. Karani hakusema kitu. Ukimya wake ulinitesa kuliko kelele. Akinisalimia, nilitafuta fumbo ndani ya salamu. Akininunulia soda, sikuinywa. Gazeti likifika, nilifungua ukurasa wa mashairi kwanza, nikitafuta jina langu nikiwa hai. Kuna wakati nilimwombea afe yeye kwanza, na sanduku lake lichomwe.

Aliacha kazi ghalani miguu ilipoanza kuvimba, akahamia Sekei kwenye kishamba chake cha kahawa na migomba. Siku moja baada ya mvua za masika binti yake mkubwa akaja barazani kwangu. "Baba anakuita," akasema. "Amesema uje leo, na uje peke yako." Mke wangu alinishika mkono akaniapisha nisile kitu chochote kule. Nikapanda Sekei kwa miguu, moyo juu, nikisema kumekucha, leo nasomewa.

Nilimkuta ameketi nje kwenye kiti cha kamba, miguu juu ya gunia, blanketi mabegani. Alikuwa amekonda, lakini macho ni yale yale ya kupima.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Fundi. Keti. Sikukaribishi chai, najua mkeo amekukataza."

Nikaona haya. Sanduku la bati lilikuwa wazi pembeni yake. Akatoa karatasi moja, akanipa. "Soma."

Nilitafuta jina langu juu, halikuwepo. Jina lililoandikwa lilikuwa la Lomayani. Beti zilikuwa tano. Shairi liliimba juu ya banda la ngozi, juu ya njuga zake, juu ya jinsi alivyofumba macho akiitikia. Ubeti wa nne ulikuwa mtupu, mistari minne ya karatasi haina kitu.

"Huyu alinitoroka," Karani akasema. "Nilimwona kila Jumapili. Nikasema bado kijana huyu, nitamuuliza mwakani. Basi."

"Mzee, unajua habari ya wimbo?"

"Kujua najua. Lakini sikuwepo akiuimba. Mama yake hakuwepo. Ningeandika nini, kwamba nimekisia? Wewe ulikuwepo."

"Miaka yote hii ungeweza kuniuliza."

"Nilikuuliza. Ukaniambia habari ya ngozi ya msichana."

Kisha, sijui kwa nini, badala ya kusema lililopasa, nikauliza lililokuwa likinila kwa miaka. "Na yangu, Mzee? Tanzia yangu imesemaje?"

"Ipi?"

"Yangu. Kila mtu anajua iko humo sandukuni."

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile sikuwa nimejiandaa nayo. "Yako haipo, Fundi. Nilijaribu mara mbili. Nikiutia ule wimbo, nasema uongo. Nikiutoa, nabaki na fundi cherehani hodari. Sikuweza kuianza."

Nilikuwa nimeiogopa karatasi ile nusu ya maisha yangu, kumbe haikuwepo. Niliona aibu, tena niliona wivu. Hata muuza mkaa alikuwa nayo.

Akanisukumia kalamu na wino. Alisema ubeti ataujaza yeye, lakini chini ya shairi gazeti lipate maneno ya shahidi, na yawe kwa mkono wangu. Niliandika: Wimbo huu aliutunga Lomayani. Niliusikia kwake barazani kwangu tukiwa wawili. Baada ya kifo chake niliuchukua, nikasema ni wangu.

Akasoma, kidole kikifuata maneno. Kikasimama.

"Niliuchukua," akasema. "Fundi, mtu huchukua mwavuli wake mvua ikinyesha. Andika neno lenyewe."

Nilikata, nikaandika niliuiba. Nikatia sahihi na jina langu lote. Akapuliza wino ukauke, akamwita binti yake alete bahasha.

Karani alikufa kabla kahawa ya mwaka ule haijaiva. Yeye hakuna aliyemtungia, tuliogopa hata kuanza. Tanzia ya Lomayani ilitoka wiki chache baada ya kumzika, na maneno yangu chini yake. Bendi ilivunjika siku hiyo hiyo. Fundi baiskeli alihamisha benchi lake lisitazamane na langu, na wateja waliniletea nguo kwa kutupa, bila salamu. Hayo niliyategemea.

Nilinunua nakala ya pili ya gazeti hilo nikaenda nayo Sombetini mwenyewe, kabla mtu mwingine hajafika. Yeyo alikuwa anasafisha vibuyu mlangoni. Hakujua kusoma, akaniambia nimsomee. Nikasoma beti zote tano. Nilipofika chini, kwenye neno lile, nilijua naweza kulipita au kulipunguza, na hakuna ambaye angejua. Nikalisoma kama lilivyo.

"Soma tena hapo," akasema.

Nikasoma.

"Tena."

Nikasoma mara ya tatu. Aliweka kibuyu chini, akajifuta mikono kwenye shuka.

"Sasa imba," akasema. "Imba vile yeye alikuimbia pale kwako. Si ile ya santuri. Ile ya santuri nimeisikia."

Nikafungua kinywa. Ikatoka ile ya santuri. Nikaacha, nikafumba macho, nikajaribu kumwona Lomayani ameketi barazani na suruali yake ya kiraka, nikaanza upya, polepole. Ikatoka ile ile, yangu, ile ya kuchezeka. Yeyo alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja. Nikaanza tena.